Marudio, Usiku wa Kuamkia Karatasi ya Pili

Kesho saa mbili asubuhi nitageuza karatasi.
Usiku huu niko barazani, Langoni, daftari pajani,
taa ya sola imebakisha nukta mbili kati ya nne,
na mtahini wangu ni Zinati, mwenye miaka minane,
ameshika kitabu kichwa chini wala hajali:
jibu langu analisahihisha kwa kunitazama uso.

"Nishati huanzia wapi?"
Juani.
(Nyumbani husema yua. Daftari langu lasema jua.
Kesho nitaliandika kwa lugha ya tatu.)
"Huishia wapi?"
Kwenye joto.
"Mbona hairudi?"
Hilo halimo katika silabasi, nikamjibu,
kisha nikabaki nalo mdomoni kama kokwa ya ukwaju.

Maada huzunguka, nishati hupita njia.
Ndivyo alivyoandika Mwalimu Shekuwe
kwa chaki iliyokatika kila baada ya neno,
akaona ubao hautoshi, akatutoa nje,
akatuvusha hadi mikokoni, maji yametoka,
kila wawili na mraba wao wa kamba.
Hesabuni mashimo ya kaa.
Mimi nilipata kumi na tisa.
Famau alipata kumi na tisa, akapoteza ndara moja.
Jani la manjano likadondoka mbele yetu,
kaa akatoka, akalikagua
kama muuza duka anayeishuku noti ya elfu,
akalivuta chini, gizani, kwa bakteria na kuvu.
"Mnaona?" alisema mwalimu, suruali imelowa magotini.
"Mkoko hujilisha kwa mkono wa kaa."
Sentensi hiyo haimo kitabuni.
Niliiandika pembeni, kwa penseli, isinipoteze.

Mzunguko wa nitrojeni ndio unaonitisha.
Ukurasa wake uliliwa mwezi wa sita
na Kipusa, punda wa jirani,
aliyeona karatasi haina tofauti na ganda la ndizi.
Mlaji wa kwanza, hana kosa.
Kesho yake nitrojeni ilikuwa pale pale kichochoroni
ikifuka, inzi wamekwisha kuipata,
nami nikairuka na sare yangu safi,
sikuandika kitu.

Sasa piramidi. Nimeichora mara tano.
Katika kumi, moja tu ndiyo ipandayo ngazi.
Tisa huishia kwenye kuhema, kutembea,
kutafuna, kuogopa, kuwa hai tu.
Zinati ataka mfano, naye haridhiki na panzi.
Basi nikamwambia mahamri.

Mama huamka saa tisa za usiku.
Chini kabisa pana gunia la makaa,
yaani miti, yaani yua la miaka iliyopita lililofungwa kamba.
Juu yake unga, mafuta, iliki,
juu yake mikono ya mama, mpaka kiwiko,
na jasho, ambalo nalo ni hesabu.
Katika kila shilingi kumi za mahamri
tisa zimekwisha kutoka kabla hazijakaa:
duka la Shee Kombo, mwenye nyumba, dawa ya kifua.
Moja hupanda. Hiyo moja ni ada.
"Na juu kabisa yuko nani?"
Nikatazama ncha ya piramidi,
nyembamba kama penseli niliyoichonga kupita kiasi.
Sikumjibu. Nikasema: swali lingine.

Swali lingine halikuja.
Taa imebakisha nukta moja.
Kitabu kimemlalia kifuani, bado kichwa chini,
na kichwa chake kimeegemea mkono wangu wa kuandikia,
moto kama hamri lililotoka karaini sasa hivi.
Mkono mzima umekufa ganzi.
Ndani nasikia kiberiti: mara ya kwanza, hapana,
mara ya pili.

Eleza kinachotokea kwa joto litokalo mwilini mwa kiumbe.
Nitaandika: hupotea. Alama moja.
Ila kwa sasa simwamshi.